Shamba la Mraba: Hoja Kuhusu Kumwandaa Mwanafunzi wa Sekondari kwa Hisabati ya Chuo Kikuu

Kila muhula unapoanza huwa nawauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza swali moja: ukidifrenshieti x² unapata nini? Ukumbi mzima hujibu kwa sauti moja, 2x, na wapo wanaoangaliana kwa kushangazwa na wepesi wa swali. Nauliza la pili: kwa nini 2x, si x wala 3x? Ukumbi hunyamaza. Baada ya muda mmoja hujitokeza na kusema kwamba kanuni ndivyo inavyotaka: shusha kipeo mbele, kisha kipunguze kwa moja. Nikiuliza kanuni hiyo imetoka wapi, naye huketi.

Hawa si wanafunzi dhaifu. Kati ya 2019 na 2022, waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania walikuwa takriban mmoja kati ya watano, na walio mbele yangu wamepita katika chujio hilo na lile la kidato cha sita. Kimya chao hakitokani na uvivu wala uhaba wa akili. Tumewafundisha hivyo. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba utayari wa mwanafunzi kwa hisabati ya chuo kikuu haupimwi kwa wingi wa mada alizozipitia. Unapimwa kwa mazoea yake ya kudai sababu, na mazoea hayo hukua tu pale anapopewa nafasi ya kubishana katika lugha anayoimiliki.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kuongeza mada, au kuzishusha madarasa ya chini. Wautazame muhtasari wa Hisabati ya kidato cha tano na sita ulivyokuwa kwa miaka mingi: mantiki, vekta, namba changamano, kalkulasi, milinganyo ya difrenshiali, uwezekano, na mengine mengi. Kidato cha tano hufunguliwa Julai na mtihani wa kidato cha sita hufanywa Mei, yaani miezi 22 hivi, likizo zikiwamo. Kenya iliachana na vidato hivyo viwili ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na mwanafunzi wa mfumo huo hukutana na kalkulasi mwishoni mwa kidato cha nne. Kama wingi wa mada ndio utayari, Mtanzania angefika chuoni akiwa mbali sana mbele ya mwenzake. Lakini ukikaa na wahadhiri wa Dar es Salaam, kisha ukakaa na wa Nairobi, utasikia kilio kilekile: wanafunzi wanajua kukokotoa, hawajui kueleza.

Nitatumia mfano mmoja na kuufuata kwa subira, kwa sababu naamini tatizo lote limo ndani yake.

Katika kidato cha pili mwanafunzi hufundishwa kwamba (a + b)² ni a² + 2ab + b². Kila mwalimu anajua kosa litakalofuata: mwanafunzi ataandika a² + b² na kuendelea na safari. Tunalikata kwa kalamu nyekundu, tunaiandika kanuni upya ubaoni, na mwezi unaofuata kosa limerudi. Sasa chora shamba la mraba ambalo kila upande ni hatua 7, ukiugawa upande huo katika hatua 3 na hatua 4. Shamba zima lina hatua za mraba 49. Pembe moja ina kipande cha 3 kwa 3, ambacho ni 9. Pembe ya mkabala ina kipande cha 4 kwa 4, ambacho ni 16. Jumla yake ni 25. Zile 24 zimekwenda wapi? Mwanafunzi mwenyewe atanyoosha kidole: kuna mistatili miwili, kila mmoja 3 kwa 4, iliyobaki bila mwenyewe. Mtoto aliyekulia shambani hatakubali vipande viwili vya ardhi vipotee hivihivi. Tangu siku hiyo 2ab kwake ni ardhi, na ardhi haisahauliki kama herufi.

Mchoro huo ukitunzwa unafika naye kidato cha tano. Safari hii shamba lina upande wa x, na mwenye shamba anausogeza mpaka wake kidogo, kwa h, katika pande mbili. Ameongeza nini? Kipande kirefu chembamba cha x kwa h upande mmoja, kingine kama hicho upande wa pili, na kijipande kidogo cha h kwa h pembeni. Nyongeza yote ni 2xh + h². Ukigawanya kwa h ili ujue shamba linakua kiasi gani kwa kila hatua ya mpaka, unapata 2x + h, na h inapozidi kuwa ndogo, 2x ndiyo inayobaki. Kumbe ile 2 haikushuka kutoka kwenye kipeo. Ni kingo mbili za shamba zilizosogezwa. Mwanafunzi aliyeliona hili anaweza kukisia kabla ya kufundishwa kwamba x³ itatoa 3x², kwa sababu mchemraba ukinenepa kwa namna hiyo unanenepa kwa nyuso tatu, na kila uso una eneo la x². Nimewaona vijana wakilifikia jambo hili wenyewe, na sijui furaha ya darasani inayoizidi hiyo.

Hatua ya tatu ni ya chuo kikuu. Tumegawanya kwa h, kisha tukaitupa h. Kwa idhini ya nani? Ikiwa h ni sifuri, tumegawanya kwa sifuri, jambo lililokatazwa tangu shule ya msingi. Ikiwa h si sifuri, basi jibu ni 2x + h, si 2x. George Berkeley, mwanafalsafa na askofu wa Ireland, aliwabana wafuasi wa Newton kwa swali la namna hii mwaka 1734, na hawakuwa na jibu la kuridhisha. Mwanahisabati Augustin-Louis Cauchy aliijenga kalkulasi juu ya dhana ya kikomo katika kitabu chake cha mwaka 1821, na hata baada ya hapo kazi ya kuikaza misingi hiyo iliendelea hadi kwa Karl Weierstrass. Miaka 87 ilipita kati ya swali la Berkeley na kitabu cha Cauchy. Kwa hiyo mwanafunzi anayekwama hapa amekwama mahali pa heshima.

Ninayemhofia ni yule asiyekwama. Kwa kuwa hajawahi kuuliza 2x imetoka wapi, hawezi kuliona shimo ambalo fasili ya kikomo ilikuja kulifukia. Mhadhiri anapojaza ubao kwa epsiloni na delta za fasili hiyo, yeye anaona jibu refu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Atafanya kilichomfikisha hapo alipo: ataikariri fasili, ataiandika kwenye mtihani kama ilivyo, na swali likigeuzwa kidogo atapata sapu. Baadaye tutasema kwamba alitoka sekondari bila msingi, na hatutasema msingi wenyewe ni nini.

Mazoea haya hayaanzii sekondari. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kifupisho kinachokaa vizuri mdomoni na kimewasaidia wengi. Lakini kikitiiwa herufi kwa herufi, kujumlisha kunakitangulia kitendo cha kutoa. Mpe mtoto 10 − 3 + 2. Akiifuata MAGAZIJUTO kwa uaminifu atajumlisha 3 na 2 apate 5, atoe 5 kwenye 10, aandike 5. Mtoto huyohuyo muulize: duka lilikuwa na mikate 10, ikauzwa 3, ikaletwa 2, sasa ipo mingapi? Atakujibu 9 bila kusita, na 9 ndilo jibu sahihi. Hesabu anaijua. Ila amefundishwa kwamba akishika daftari aache anachokijua na afuate amri. Akiongeza miaka kumi ya mafunzo ya aina hiyo, ndiye yule anayenyamaza ukumbini kwangu.

Hapa lugha inaingia, na sioni namna ya kulizungumzia suala la utayari bila kuigusa. Mtoto wa shule ya kawaida ya serikali amejifunza kigawo, kigawe, sehemu na kipeuo kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza kila kitu kinabadilishwa jina. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sikusudii kuufungua mjadala wote huo. Nataka kuonyesha tu mahali mahususi ambapo lugha inamkwamisha mwanafunzi wa hisabati, napo si kwenye majina ya vitu. Majina huzoeleka haraka. Anakwama kwenye viungo vya hoja: ikiwa na basi, kila na kuna, angalau na isipokuwa.

Fasili ya kikomo inasimama juu ya mpangilio wa maneno mawili, "kwa kila" na "kuna". Ukiyageuza, maana imeharibika. Nimetumia saa nzima kulieleza hili kwa Kiingereza, nikaona nyuso zisizosema kitu. Kwa Kiswahili linachukua dakika moja: kila mtoto ana mama; je, kuna mama mmoja aliye mama wa watoto wote? Darasa linacheka, na kicheko hicho ni dalili kwamba tofauti imeeleweka. Kutoka hapo kurudi kwenye Kiingereza cha kitabu si kazi ngumu, kwa sababu sasa kuna wazo la kutafsiriwa. Wanaohofu kwamba Kiswahili kitamchelewesha mwanafunzi wanadhani maneno hutangulia na wazo hufuata baadaye. Uzoefu wangu ni kinyume.

Tena wanafunzi wamelijua hili siku nyingi. Aliyesoma bweni anaikumbuka diskasheni ya usiku: vijana watano au sita wamekizunguka kipande cha ubao, mmoja ameshika chaki, wengine wanampinga, na lugha ni Kiswahili kitupu kilichochanganywa na istilahi za Kiingereza. Hisabati halisi ya shule zetu, ile ya kuulizana na kusahihishana, mara nyingi hufanyika hapo. Mchana, mbele ya mwalimu, inaandikwa na kunakiliwa.

Ushahidi kwamba jambo hili lina uzito unapatikana hata mbali na kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanahisabati Uri Treisman alichunguza kwa nini wanafunzi weusi katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley walikuwa wakianguka katika kalkulasi ya mwaka wa kwanza. Wenzake walikuwa na maelezo tayari: hawana ari, familia haziwasaidii, wametoka shule mbovu. Treisman aliishi karibu na wanafunzi, akaona kwamba wengi wao walikuwa wakisoma kwa bidii, lakini kila mmoja peke yake, ilhali wanafunzi wenye asili ya China waliofanya vizuri walikutana, wakalinganisha majibu na kukosoana. Alianzisha warsha ambamo wanafunzi walikabili pamoja maswali magumu kuliko ya darasani. Hayakuwa masomo ya kufidia udhaifu. Matokeo yao yalipanda sana. Sisi hatuhitaji kuianzisha diskasheni, kwa kuwa ipo tayari. Tunachohitaji ni kuiingiza mchana, na kuipa maswali yanayostahili ubishi.

Walimu watanijibu, na nitawasikiliza kwa sababu kazi yao ni ngumu kuliko yangu. Darasa lina wanafunzi themanini, muhtasari haungoji, na mwanafunzi atahukumiwa kwa mtihani. Wataongeza kwamba wepesi wa kukokotoa ni wa lazima. Katika hilo nakubaliana nao kabisa. Asiyeweza kufungua mabano na kujumlisha sehemu bila kusita hawezi kufuata uthibitisho wowote, maana nguvu zake zote zinaishia kwenye mstari wa kwanza. Mazoezi yawepo, tena mengi. Lakini kupitia maswali ya miaka iliyopita tu kunamfundisha kijana kutambua sura ya swali, si kulifikiri. Na mchoro wa shamba hauli zaidi ya dakika kumi za kipindi. Muda mwingi zaidi tunaupoteza kila mwaka kusahihisha kosa lilelile.

Kuhusu mtihani, hapo ndipo mamlaka yanapohitajika, kwa kuwa hakuna mwalimu atakayefundisha kwa muda mrefu kisichoulizwa. Mada ya mantiki imo katika muhtasari wa kidato cha tano na sita, lakini imefungiwa kwenye majedwali ya ukweli, kana kwamba haihusiani na kalkulasi inayofundishwa baadaye. Sioni ugumu wa kuwa na swali kama hili katika karatasi ya kidato cha nne: mwanafunzi ameandika (a + b)² = a² + b²; onyesha kwa mchoro amekosea wapi, kisha taja ni lini angekuwa sahihi. Linasahihishika, halihitaji vifaa, na sehemu yake ya pili, ambayo jibu lake ni pale a au b inapokuwa sifuri, inampata aliyefikiri na kumwacha aliyekariri.

Chuo nacho kina deni. Sisi wahadhiri tunadai mwanafunzi asome fasili na uthibitisho, na ni wachache miongoni mwetu wanaotenga hata wiki mbili za mwanzo kumwonyesha namna ya kuzisoma.

Upo pia muda ambao hakuna anayeudai. Anayemaliza kidato cha nne Novemba huingia kidato cha tano Julai. Katika miezi hiyo saba wenye uwezo huenda tuisheni kuzikimbilia mada za kidato cha tano kabla hazijawafikia, na wasio na uwezo hukaa nyumbani. Ningependa wote wapewe kijitabu kimoja chembamba cha Kiswahili kisicho na mada mpya hata moja. Kiulize kwa nini hasi mara hasi ni chanya, kwa nini hatugawanyi kwa sifuri, kwa nini kugawanya kwa nusu kunaongeza, zile 24 zilikwenda wapi. Kila swali lifuatwe na ukurasa mtupu wa kuandikia hoja, na maelekezo yawe moja tu: mtafute mwenzako umsomee ulichoandika, na usigeuze ukurasa hadi aache kukupinga.