FreeBSD, iperf3 na sekunde zilizopotelea angani

Leo tunapima kasi ya mtandao kwa FreeBSD, na tunaangalia historia ya kipimo chenyewe, maana inatuhusu Wakenya kuliko wengi wanavyodhani.

Ukisema hapa Iguhu kwamba tarakilishi yako inaendesha FreeBSD, utaulizwa kwa nini hukuweka Windows kama watu wengine. Lakini vipimo hivi vina asili katika ukoo huo wa BSD. Mwaka 1984 Mike Muuss na Terry Slattery waliandika ttcp kwenye BSD 4.2. Wazo lilikuwa rahisi: mashine moja inatuma data, nyingine inapokea, kisha unahesabu kilichofika kwa kila sekunde. Mwaka 1993 Rick Jones wa Hewlett-Packard akatoa netperf. Baadaye ikaja iperf, halafu mwaka 2014 iperf3 ya ESnet, Marekani.

Kuiweka hakuna taabu. Ukiwa root, kwenye mashine zote mbili:

pkg install iperf3

Mashine ya kupokea: iperf3 -s
Mashine ya kutuma: iperf3 -c anwani

Sasa tuje nyumbani. Kabla ya 2009 Kenya haikuwa na kebo ya baharini, na karibu data yetu yote ya kwenda ng'ambo ilipitia setilaiti. Setilaiti hizo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni kama robo sekunde. Swali na jibu lake ni nusu sekunde, kabla hujahesabu foleni.

Hapo ndipo wanunuzi walipoumia. TCP hutuma kiasi fulani tu, kinachoitwa dirisha, kisha husubiri jibu. Ni kama mtu wa bodaboda anayepeleka gunia Khayega na hapewi jingine mpaka arudi na risiti. Barabara hata uipanue mara kumi, haimsaidii. Piga hesabu: dirisha la kilobaiti 64, jibu likichukua sekunde 0.6, hupitisha kama kilobiti 870 kwa sekunde. Basi. Ofisi ingelipia megabiti 4, lakini faili moja halingepita hapo. Dawa, yaani kupanua dirisha, iliandikwa kwenye RFC 1323 mwaka 1992, lakini Windows XP kwa mpangilio wake wa kawaida haikuitumia.

Na haikuwa safari ya Ulaya pekee. Barua ya Nairobi kwenda Nairobi, kati ya kampuni mbili za intaneti, ilipanda angani, ikashuka ng'ambo, ikapanda tena. Kwenda na kurudi ni takriban sekunde nzima. Novemba 2000 watoa huduma walifungua KIXP jijini ili wabadilishane data hapa hapa. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya kipekee, ikalalamika, na baada ya wiki mbili hivi CCK ikaamuru ifungwe. Ilifunguliwa tena Februari 2002, ikiwa na leseni.

Mwaka 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zikatua Mombasa. Tuseme safari ya Ulaya na kurudi ikawa sekunde 0.15. Dirisha lile lile la kilobaiti 64 sasa linapitisha kama megabiti 3.5. Mara nne, bila kugusa tarakilishi.

Ukitaka kuyaona haya mwenyewe, pima seva ya Nairobi kisha ya Ulaya kwa amri hii:

iperf3 -c anwani -w 64K

Rudia bila -w. Tofauti utakayoiona ni ile ambayo watu walilipia miaka mingi bila kuipata. Kwa hiyo ukiuziwa megabiti, uliza pia jibu linarudi baada ya muda gani. Na usiishie kuuliza: weka mashine mbili, upime.