Sindano na Neno: Historia ya Uchunguzi wa Seli za Tezi Dundumio

Miongoni mwa maneno ya utabibu yanayowatatiza wafasiri wetu ni bayopsi. Karatasi moja ya maelezo kwa wagonjwa iliyopita mikononi mwetu ilimwarifu mtu mwenye uvimbe shingoni kwamba atakatwa kipande cha nyama ili kipimwe. Jambo aliloagiziwa na daktari lilikuwa jingine kabisa: kudungwa sindano nyembamba, kutolewa seli chache, na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mfasiri hakuwa na nia mbaya, alifuata kamusi yake tu. Hata hivyo, mgonjwa aliyeyasoma maneno yale na kuamua kutofika hospitali hangestahili lawama. Tumeona inafaa, basi, kuisimulia kwa ufupi historia ya uchunguzi huo, maana kosa la karatasi ile lina mizizi yake humo.

Neno bayopsi lilitungwa Ufaransa mwaka 1879 na Ernest Besnier, tabibu wa maradhi ya ngozi, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya uhai na kuona. Kilichotazamwa wakati huo kilikuwa kipande cha tishu kilichokatwa kwa kisu mwilini mwa mtu aliye hai. Fasili hiyo ya kukata imeligandama neno hadi leo, ingawa kisu chenyewe mara nyingi hakipo tena.

Sindano iliingia kwa njia nyingine, na hapa historia inapita karibu na kwetu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa wa malale uliangamiza watu wengi mno kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Uganda. Mwaka 1904 madaktari wawili wa jeshi la Uingereza, Greig na Gray, waliwadunga wagonjwa wa huko katika tezi za shingo zilizovimba, wakafyonza majimaji yaliyomo na kuyatazama kwa hadubini, wakaviona humo vijidudu vya malale. Waandishi wa historia ya fani hii huwahesabu wawili hao miongoni mwa watangulizi.

Lakini msomaji na asimame hapa kidogo. Tezi walizozidunga zilikuwa za limfu, zile zinazotutumka mwili unapopambana na maradhi. Kiswahili cha kila siku huziita tezi, kama kinavyoiita tezi ile nyingine iliyo mbele ya koo, yenye umbo la kipepeo, ambayo homoni zake huongoza kasi ya mwili katika kutumia chakula. Tena wapo wasemao tezi wakikusudia uvimbe wenyewe. Tezi hiyo ya kooni ikikua kupita kiasi, wazee husema rovu, na wengi siku hizi husema goita. Istilahi yake ni tezi dundumio. Neno hilo halijazoeleka, na tumewahi kusikia likichekwa darasani, lakini linatofautisha. Anayeandika tezi ya shingo katika ripoti amemwachia daktari kitendawili.

Njia ya sindano ilipata nguvu New York mwaka 1930, pale Hayes Martin, daktari mpasuaji, na mwenzake Edward Ellis walipoeleza jinsi ya kufyonza seli za uvimbe kwa bomba la sindano. Sindano yao ilikuwa nene, yenye upana upatao milimita 1.2, na iliwabidi kumfisha mgonjwa ganzi kwanza. Madaktari wengi waliikataa njia hiyo: wengine walichelea kwamba sindano ingezitawanya seli za saratani, wengine hawakuamini kwamba seli zilizokwisha kutengana na tishu yake zaweza kusomeka.

Waliozidisha imani walikuwa Waswidi. Mnamo miaka ya 1950 Nils Söderström wa Lund, na Sixten Franzén pamoja na wenzake katika hospitali ya Radiumhemmet, Stockholm, walianza kutumia sindano nyembamba, yenye upana wa milimita 0.6 au 0.7. Franzén alikuwa mtaalamu wa damu, na kwa hakika hiyo ndiyo siri ya jambo lenyewe. Mtu wa damu amezoea kusoma seli moja moja zilizotandazwa juu ya kioo, kukaushwa na kutiwa rangi. Hadai kuona ukuta mzima ndipo aamini kuwa kuna matofali. Mwaka 1962 Einhorn na Franzén walichapisha taarifa yao kuhusu kutumia sindano nyembamba katika maradhi ya tezi dundumio. Tangu hapo, polepole, watu wengi wenye vinundu visivyo na madhara wameepushwa na kisu.

Sindano nayo ina mpaka wake. Kuna kinundu cha seli za vifuko vya tezi ambacho hakiwezi kuamuliwa kuwa ni saratani mpaka ionekane kwamba seli zake zimepenya utando unaokizunguka au zimeingia katika mishipa ya damu. Seli zilizofyonzwa hazina habari ya utando. Hapo msomaji wa hadubini hana budi kusema kwamba hajui, na tatizo likawa: aseme kwa maneno gani? Kwa miaka mingi kila maabara ilikuwa na maneno yake, na neno lililomaanisha subiri katika hospitali moja liliweza kueleweka kuwa pasua katika nyingine.

Ndipo Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilipoitisha mkutano huko Bethesda, Maryland, Oktoba mwaka 2007. Ulikuwa mkutano wa matabibu, nasi tunathubutu kuuita mkutano wa istilahi. Yalitoka humo madaraja sita, yaliyochapishwa katika kitabu mwaka 2010: sampuli isiyotosha, kinundu kisicho cha saratani, seli zisizo za kawaida ambazo maana yake haijabainika, kinundu cha seli za vifuko, kinachoshukiwa kuwa saratani, na saratani. Hata kutosha kulipewa kipimo: angalau mafungu sita ya seli za vifuko, kila fungu lenye seli zisizopungua 10. Baadhi ya madaraja yalibaki na majina mawili mawili hadi toleo la tatu la mwaka 2023, lilipoamua kila daraja liwe na jina moja. Sisi tunaoandika saratani katika aya ya kwanza na kansa katika aya ya pili tuna la kujifunza.

Nguvu ya jina ilidhihirika zaidi mwaka 2016. Jopo la wataalamu lililoongozwa na Yuri Nikiforov lilipendekeza aina moja ya kinundu, iliyofungwa vyema ndani ya utando wake na isiyopenya popote, iondolewe neno saratani katika jina lake. Kinundu ni kile kile. Aliyebadilishiwa hali ni mgonjwa.

Sasa turudi mezani kwetu. Kwa kazi ya sindano tunapendekeza ufyonzaji wa seli kwa sindano nyembamba, na bayopsi ibaki kwa kipande cha tishu. Ugumu uko katika daraja la tatu na la tano. Rasimu kadhaa tulizoziona zimetumia seli za shaka kwa la tatu na shaka ya saratani kwa la tano. Katika kitabu cha mwaka 2010 uwezekano wa saratani katika daraja la tatu ulikadiriwa kuwa asilimia 5 hadi 15, na katika la tano asilimia 60 hadi 75. Matoleo ya baadaye yamezirekebisha tarakimu, lakini umbali kati ya madaraja hayo umebaki mkubwa. Mgonjwa wa daraja la tatu aghalabu hurudiwa kudungwa. Wa daraja la tano aghalabu hupasuliwa. Kwa hiyo tumeliondoa neno shaka katika la tatu, tukaandika seli zisizobainika, na kuliacha shaka kwa daraja la tano peke yake.