Weimar, Dessau, Ulm: Safari ya Karakana ya Chapa

Anayetaka kujua usanifu wa michoro uliingiaje darasani aanzie Weimar, Ujerumani, ambako Walter Gropius alifungua chuo cha Bauhaus mwaka 1919. Mwanzoni karakana ya chapa ilitoa picha za sanaa. Kisha, mwaka 1923, mfumuko wa bei uliigeuza Marki kuwa makaratasi, na mwanafunzi Herbert Bayer akapewa kazi ya kuchora noti za mamilioni za benki ya jimbo la Thuringia. Zilitakiwa upesi, basi hakuhangaika na mapambo: namba nene, mistari, rangi chache. Sidhani kuna mtihani mkali kuliko kuchora kitu kitakachokosa thamani kabla wino haujakauka.

Wanasiasa wa Thuringia walipobana fedha, chuo kilihamia Dessau mwaka 1925. Bayer, sasa mwalimu, akakabidhiwa karakana iliyofundisha chapa na matangazo. Alizipiga marufuku herufi kubwa katika nyaraka za chuo, na hii ni Ujerumani, ambako kila nomino huanza na herufi kubwa! Ajabu ni kwamba jina BAUHAUS alilolichora kwa ajili ya ukuta wa jengo jipya ni herufi kubwa tupu.

Wanazi walikikaba chuo hadi kikafungwa mwaka 1933. Bayer, aliyekuwa ameshaondoka chuoni na kuhamia Berlin, alibaki huko akifanya matangazo, na mwaka 1936 akasanifu kijitabu cha maonyesho yaliyoisifu Ujerumani ya Hitler. Miaka miwili baadaye akahamia Marekani. Kijitabu kile ni kazi safi, na hapo ndipo ninapoilaumu Bauhaus: ilifundisha namna ya kusema, ikasahau kuuliza unamsemea nani.

Swali hilo liliulizwa Ulm, mji mwingine wa Ujerumani. Inge Scholl alikuwa amepoteza wadogo zake, Hans na Sophie, waliokatwa vichwa mwaka 1943 kwa kusambaza vipeperushi vya kumpinga Hitler. Yeye na wasanifu Otl Aicher na Max Bill walianzisha chuo huko mwaka 1953. Humo, wanafunzi wa mawasiliano ya kuona walisoma pia sosholojia na siasa. Mvutano na serikali ya jimbo kuhusu fedha ulikifunga mwaka 1968.

Aicher aliendelea. Vijipicha vyake vya wanamichezo ndivyo vilivyowaelekeza watu katika Olimpiki ya Munich ya 1972, ile ambayo John Akii-Bua wa Uganda alitwaa dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi.