Njia ya Maji Itokayo Jinja

Azma yetu ya kumchukua mtoto, ambaye hajatimiza miaka sita, katika safari yake ya kwanza ya chombo kwenye nyika za kaskazini, huko Murchison ambako Mto Naili hupita baina ya makundi ya viboko na tembo washukao kunywa, tuliipeleka kwanza Mbale kwa bibi yake ili tupate idhini. Nayo idhini ikaja pamoja na masharti matatu: chandarua kisisahauliwe, maji ya kunywa yasiwe ila yaliyochemshwa, na mtoto asivikwe nguo ya buluu wala nyeusi, kwani mbung'o huziandama rangi hizo. Bibi huyo hajapata kufika Murchison maishani mwake, lakini babake alikuwa karani wa kupima pamba, na habari za kaskazini alizisikia utotoni zikisimuliwa na watu waliokwenda wakarudi. "Mwanangu," aliniambia tulipokuwa tukiagana, "ninyi mnahesabu saa za gari tu. Zamani mtu wa Jinja akienda huko alihesabu maji." Kauli hiyo ilinifuata njia nzima ya kurudi nyumbani, na tangu siku hiyo matayarisho ya safari ya mtoto yamekuwa kwangu pia matayarisho ya kuijua njia ambayo mji wetu ulikuwa mlango wake, na ambayo leo vijana wengi wa Jinja hawana habari nayo.

Kuhesabu maji maana yake ni hii. Naili, unapotoka Ziwa Viktoria hapa Jinja, mahali ambapo msafiri Mwingereza Speke aliyaona mnamo tarehe 28 Julai 1862 maporomoko aliyoyaita Ripon, na ambapo wenyeji walikwisha kupaita kwa jina la mawe kabla yake, si mto wa kupandia chombo. Huteremka kwa kishindo juu ya miamba mpaka ukaribie Namasagali, ndipo unapotulia na kuingia taratibu katika Ziwa Kyoga, ziwa la kina kifupi lililozungukwa na mafunjo na mayungiyungi. Kutoka Kyoga maji hubaki matulivu hadi Masindi Port na Atura. Kisha, kuanzia Karuma, mto huchafuka tena na kuruka mwamba baada ya mwamba mpaka Murchison, ambako maji yote hubanwa katika mwanya usiozidi mita 8 na kuangushwa chini takriban mita 43. Hapo chini ni shwari mpaka Ziwa Albert, na kutoka ziwani mpaka Nimule. Na baada ya Nimule maporomoko ya Fola humzuia msafiri mpaka akaribie Juba, panapoanza tena maji ya meli za kwenda Khartoum. Mto huu, basi, ni ngazi yenye vidato vipana, ambapo kila kidato hukubali meli na kila penye mteremko hukataa hata mtumbwi. Na historia yote ya njia ya kaskazini ni historia ya watu waliotafuta namna ya kushuka kutoka kidato hadi kidato pasipo kupoteza mizigo yao wala roho zao.

Winston Churchill, alipopita hapa mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, alishuka ngazi hiyo kwa miguu na baiskeli penye nchi kavu na kwa vyombo vya maji palipokubali, hata akafika Sudani. Na katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata alishauri kwamba nguvu ya maji ya Ripon ifungwe na kutumikishwa, shauri lililotimia mwaka 1954 lilipofunguliwa bwawa la Owen Falls, na maporomoko ya Speke yakazama chini ya maji yaliyoinuliwa. Lakini nchi aliyoipita ilikuwa katika msiba mkubwa, na juu ya msiba huo sina budi kukaa kidogo, kwa sababu wageni wanapoisifu nyika ya kaskazini kwa upweke wake, aghalabu hudhani kwamba upweke huo ni wa tangu kuumbwa kwa dunia.

Maradhi ya malale, yaliyoshika pwani za Busoga na Buganda tangu mwaka 1900 hivi, yaliwaua watu zaidi ya 200,000 katika muda wa miaka michache tu. Serikali ya Gavana Hesketh Bell ikawahamisha wale waliosalia kutoka kingo za ziwa, maana mbung'o, ambao ndio waenezao maradhi hayo, hukaa vichakani karibu na maji. Na baadaye hatua kama hiyo ikachukuliwa katika Bunyoro, nchi ambayo ilikwisha kuchakazwa na vita vya mfalme wake, Omukama Kabalega, dhidi ya Waingereza. Mwaka 1910, mahali ambapo watu walikuwa wakilima na kuvua, pakatangazwa hifadhi ya wanyama, na hifadhi hiyo ndiyo iliyokuja kukua hata ikawa mbuga ya taifa ya Murchison mwaka 1952. Nyika tunayompeleka mtoto kuitazama ilikuwa na wenyewe, waliokuwa na mashamba, mitumbwi na makaburi ya wazee wao, na kila nifikiripo hivyo huona kwamba sharti la bibi yake juu ya rangi ya nguo lina uzito wa watu laki mbili nyuma yake.

Kabalega mwenyewe ameacha alama yake hapa Jinja. Alikamatwa mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini, na aliporuhusiwa kurejea kwao alikuwa mzee. Akafika Jinja mwaka 1923, naye angali na safari ya kwenda Bunyoro mbele yake, na mauti yakamkuta hapa hapa, kwenye kilima cha Mpumudde, jina ambalo kwa lugha ya wenyeji lina maana ya kupumzika. Mwili wake ulikwenda kuzikwa Mparo, karibu na Hoima. Nimepita Mpumudde mara nyingi mno nikienda kazini bila ya kuinua macho, jambo ambalo sasa naliona aibu.

Mwaka huo wa 1923 njia ya maji ilikuwa katika ujana wake. Reli ya Busoga, yenye urefu wa maili zipatazo 60, ilifunguliwa mwaka 1912 kutoka gati ya Jinja hadi Namasagali, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuyakwepa yale maporomoko ya juu na kukifikia kidato cha kwanza cha maji matulivu. Namasagali palikuwa na gati, karakana na nyumba za wafanyakazi, na hapo zilingoja meli za Kyoga, mojawapo ikiitwa Stanley na nyingine Speke, ambazo gurudumu lao la kupigia maji lilifungwa nyuma ya tezi wala si ubavuni, kwa kuwa ziwa ni la kina kifupi na njia za kupita katikati ya mafunjo ni nyembamba. Zilivuta matishali kandokando, na ndani ya matishali hayo ndimo ulimokuwa moyo wa biashara yote: pamba.

Hapa ndipo Mbale inapoingia katika habari, na wenyeji wa Mbale wana haki ya kusema kwamba bila wao meli hizo zingebeba upepo. Mbegu za pamba zililetwa Uganda mwaka 1903, zikaenea haraka katika Busoga, Bukedi na Teso, nchi ambazo Semei Kakungulu, mwasisi wa mji wa Mbale, alikwisha kuzikatia barabara na kuzipandia miti kandokando. Na maadamu reli haikuwako upande huo, mavuno yalibebwa vichwani na kwa magari ya ng'ombe hadi bandari ndogo za Kyoga kama Bugondo, yakavushwa ziwa mpaka Namasagali, yakapanda gari la moshi hadi Jinja, yakapakiwa tena melini kuvuka Ziwa Viktoria hadi Kisumu, na mwisho yakashuka kwa reli hadi Mombasa. Robota moja la pamba liliguswa na mikono mingapi kabla ya kuiona bahari! Mwaka 1928 reli ya kutoka Kenya kupitia Tororo ikaungana na ile ya Busoga, na mwaka uliofuata tawi la kaskazini likapita Mbale mpaka Soroti. Tangu hapo pamba ya Mbale haikuihitaji tena Kyoga, na meli zikaanza kuwategemea zaidi abiria na mizigo ya magharibi.

Ndipo wakuu wa reli walipoanza kuwaita watalii. Aliyepanda chombo Namasagali alilala usiku ziwani, akashuka Masindi Port, akachukuliwa kwa gari hadi hoteli ya reli pale Masindi, na kesho yake akateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Butiaba, ambako kuanzia mwaka 1930 alingojwa na Robert Coryndon, meli iliyojengwa Uingereza na kuunganishwa upya ufukoni mwa Ziwa Albert, yenye vyumba vya kulala na maktaba. Nikizitazama hatua hizo kwa jicho la mzazi, sioni safari iliyomfaa mtoto mdogo kuliko ile: hapana siku iliyokuwa na vumbi mfululizo, kila mwendo wa nchi kavu uliishia kwenye kitanda au kwenye staha yenye kivuli, na mwendo wa meli ulikuwa wa polepole kiasi cha mtoto kumwonyesha furukombe kwa kidole na kumwona bado yupo juu ya tawi lake. Ngazi ile, kwa kuwalazimisha watu washuke, iliwalazimisha pia wapumzike.

Mwisho wake uliletwa na maji yenyewe. Mvua za mwaka 1961 na miaka iliyofuata zilizidi kila kipimo kilichozoeleka; Ziwa Viktoria likapanda zaidi ya mita mbili, Kyoga na Albert yakafuata, magati yakafunikwa, na Robert Coryndon akazama pale pale Butiaba. Gharama ya kujenga upya haikuonekana kuwa na faida, kwa kuwa reli na barabara zilikwisha kuipokonya njia hiyo shehena yake, na kwa hiyo meli zikaondolewa. Majengo ya Namasagali yakapata bahati njema kuliko magati yake, kwani katikati ya miaka ya 1960 yakageuzwa kuwa shule, na Chuo cha Namasagali kikawa na sifa nchini kote. Mafuriko hayo hayo yalipofika Murchison, mto ulishindwa kutoshea katika mwanya wake wa kale, ukajipasulia njia ya pili kando yake. Na kwa kuwa mwaka wenyewe ulikuwa 1962, nchi ilipopata uhuru, maporomoko hayo mapya yakaitwa Uhuru.

Baada ya kuyajua haya tumeubadili mpango wetu. Mwanzoni tulikuwa tumekusudia kuondoka Jinja alfajiri na kufika Paraa, wanapopandia vyombo pale Murchison, kabla ya magharibi kwa gari, kama wafanyavyo wengi, na kumpandisha mtoto chombo asubuhi inayofuata akiwa bado na uchovu wa siku nzima. Sasa tutahesabu maji. Siku ya kwanza ni ya Namasagali peke yake, kupitia Kamuli, ili mtoto auone mto ukiwa mpana na mtulivu, aelewe kwa nini watu walijenga reli nzima ili waufikie. Kisha turudi tulale nyumbani. Siku nyingine ni ya kwenda Masindi, na huko tutalala, hata kama jua litakuwa bado juu, kwa sababu waliotutangulia nao walilala hapo. Siku ya tatu ni ya kushuka Paraa polepole, vioo vya gari vikiwa vimefungwa penye mbung'o. Chombo tutakipanda asubuhi ya nne: mwendo wa kupanda mto mpaka chini ya maporomoko na kurudi huchukua saa tatu hivi, muda ambao mtoto wa miaka mitano huuweza akiwa ameshiba, ana kofia, amevikwa jaketi la kuelea la kipimo chake, na mkono wa mzazi mmoja hautoki begani pake, kwani mamba wa pale ni wengi, nao hawana haraka. Nimekwisha kuuliza kama jaketi za watoto zipo, na nitauliza tena siku yenyewe kabla hatujakanyaga daraja la kupandia.

Chandarua kimekwisha kununuliwa, na dumu la maji yaliyochemshwa limepata mahali pake nyuma ya kiti. Shati la buluu, ambalo mtoto alilipenda kuliko nguo zake zote, bibi yake amelizuia Mbale. Amelikunja akaliweka sandukuni, na amesema atalirudisha tutakapompelekea mjukuu wake amsimulie aliyoyaona.