Wati ya Kwanza

Sebuleni kwa mama yangu, Mbagala, kuna sabwufa nyeusi yenye kibandiko cha rangi ya fedha kinachodai wati 10,000 za PMPO. Nyuma yake, pale unapoingia waya wa umeme, yapo maandishi madogo yanayosema kwamba mashine nzima inavuta wati 60. Hakuna anayesoma ya nyuma. Sabwufa hiyo imehudumia harusi mbili na mahafali matatu, na majirani wanaifahamu vizuri kuliko wanavyotufahamu sisi.

Kazi moja tu iliishinda. Mwaka 1991 mjomba alimrekodi babu, baba yake mama, akisimulia maisha yake kwenye kaseti ya dakika 60. Babu alifariki mwaka uliofuata. Mimi sikumkuta, nimerithi jina lake tu. Nilipoihamishia kaseti hiyo kwenye kompyuta na kuipiga kwenye sabwufa, mama alisikiliza dakika mbili, akainuka kwenda jikoni.

"Huyo si yeye," alisema. "Huyo ni mtu anahutubia mkutano."

Nasomea historia, shahada ya uzamili, na nimefundishwa kuhoji kila chanzo: nani aliandika, lini, kwa nini. Sikuwahi kufundishwa kuihoji mashine inayokisoma chanzo chenyewe. Nilipoanza kuihoji, nilijikuta Uingereza, mwaka 1947.

Mwezi wa Aprili na Mei mwaka huo, jarida la Wireless World, lilelile ambalo Oktoba 1945 lilikuwa limechapisha makala ya Arthur C. Clarke kuhusu setilaiti za mawasiliano, lilitoa makala mbili za mhandisi kijana aitwaye D. T. N. Williamson. Alikuwa na miaka 24. Alieleza namna ya kujenga amplifaya ya wati 15 kwa valvu mbili za KT66 zilizoshirikiana kuisukuma spika kupitia transfoma. Sehemu ya sauti iliyotoka ilirudishwa mwanzoni, ikalinganishwa na iliyoingia, ili mashine ijisahihishe yenyewe. Mbinu hiyo, mrejesho hasi, aliibuni Mmarekani Harold Black mwaka 1927 akiwa kwenye feri ya kuvuka Mto Hudson. Akaichora palepale kwenye ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Williamson aliitumia kwa uangalifu kiasi kwamba, hata kwa nguvu zote 15, upotoshaji wa sauti ulibaki chini ya asilimia 0.1.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba hakuficha kitu. Thamani ya kila rezista ilikuwemo, na hata namna ya kusuka transfoma. Uingereza ya mwaka huo ilikuwa bado inagawa mkate kwa kadi, na vifaa vizuri vya muziki havikuwa vya kila mtu. Lakini mtu mwenye subira na chombo cha kulehemu aliweza kukaa mezani kwake na kujenga mashine bora kuliko nyingi zilizokuwa dukani. Walijenga Waingereza, wakajenga Wamarekani na Waaustralia, na jina la Williamson likawa jina la kifaa.

Desemba ya mwaka huohuo, katika maabara za Bell huko Marekani, transista ya kwanza ilifanya kazi. Kufikia miaka ya 1960 ilikuwa inaziondoa valvu sebuleni. Ilikuwa ndogo, haikuhitaji muda wa kupata moto, wala haikuhitaji ile transfoma nzito ya kulisha spika. Hapo ndipo tatizo lililonihusu mimi na babu lilipozaliwa.

Amplifaya nyingi za transista za wakati ule zilifanya kazi kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa kupokezana. Transista moja inashika nusu ya juu ya wimbi la sauti, nyingine nusu ya chini, na kila moja inapumzika wakati mwenzake anafanya kazi. Umeme mwingi unaokolewa. Lakini transista ya silikoni haifunguki mpaka ipate kama volti 0.6, kwa hiyo pale wanapopokezana kuna pengo ambalo hakuna mchi uliomo kinuni. Wahandisi waliliziba kwa mkondo mdogo wa kudumu, ila mkondo huo uliyumba kadiri transista zilivyopata joto, na pengo likarudi kuchungulia. Tena upotoshaji ulizoeleka kutajwa kwa nguvu kubwa, ambako wimbi ni refu na pengo si kitu. Nguvu ikishuka wimbi linafupika, pengo halifupiki.

Chukua hesabu ya babu. Spika ya kawaida ya nyumbani, ikipewa wati 1, hutoa kama desibeli 90 kwa msikilizaji aliye mita 1 mbele yake. Mtu anayezungumza nawe kwa utulivu kwa umbali huohuo hutoa kama desibeli 60. Kila unapogawa nguvu kwa kumi, desibeli 10 zinaondoka. Kwa hiyo, ili babu azungumze sebuleni kwa sauti yake mwenyewe, spika inahitaji wati 0.001. Kwenye spika ya omu 8 hiyo haifiki hata moja ya kumi ya volti. Mahali ambapo pengo halikuzibwa sawasawa, maisha yake yote aliyoyasimulia yangeweza kupita humohumo ndani ya pengo.

Aprili 1969, Wireless World lilitoa jibu. John Linsley Hood hakuwa mtu wa kiwanda cha redio. Kazi yake ya mchana ilikuwa katika maabara za kampuni ya British Cellophane, watengenezaji wa karatasi zile ang'avu za kufungia bidhaa. Amplifaya yake ilikuwa na transista nne na wati 10 tu. Wapokezanaji aliwakataza kupumzika. Mkondo ulipita kwenye transista za mwisho muda wote, mfumo uitwao Daraja A, na kwa kuwa hakuna aliyeacha mchi, pengo halikuwepo. Gharama yake ilikuwa joto. Kwa spika ya omu 8 alitaja volti 27 na ampea 1.2, yaani wati 32 zinazoliwa hata chumba kikiwa kimya kabisa. Na alipotaka kujua kama amefaulu, alisikiliza akilinganisha na Williamson. Miaka 22 ilikuwa imepita, na mashine ya valvu ndiyo ilikuwa bado kipimo.

Yeye pia alichapisha kila kitu, pamoja na jedwali la thamani kwa spika za omu 3, 8 na 15. Nikalishika jedwali hilo kama navyoshika waraka wa kale, isipokuwa kwa tofauti moja. Barua ya mwaka 1969 naweza kuisoma tu. Mchoro wa saketi wa mwaka 1969 naweza kuuwasha.

Nilijenga upande mmoja tu, maana kaseti ya babu haina kushoto wala kulia. Nilitumia chaja ya laptopu iliyokufa, volti 19, kwa hiyo hata wati 10 sikuzifikia. Transista alizotumia Linsley Hood hazitengenezwi tena. Mbadala wake nilinunua Kariakoo, jozi ya 2N3055 zenye maandishi safi. Zilitoa moshi kabla sijahesabu tano. Nilipokata ganda la moja nilikuta ndani kipande cha silikoni kidogo mno, kisichoweza kubeba mkondo ule. Waraka wa kughushi, wenye muhuri sahihi. Jozi ya pili, kutoka duka jingine, ilikubali, na bamba la alumini nililozifungia likawa la moto kama sufuria ya chai.

Sitaki kuidai historia zaidi ya haki yake. Amplifaya za kupokezana zilikuja kurekebishwa vizuri, na leo kijisaketi cha bei ndogo kinaweza kuziba pengo hilo bila kuchemsha chumba. Ubaya wa sabwufa ya mama uko zaidi kwenye spika zake na besi iliyotiwa chumvi. Nami nilibadilisha spika pia, nikaweka moja ya redio ya zamani ndani ya sanduku la mbao; mtafiti makini hawezi kubadilisha vitu viwili kisha akasifu kimoja. Na ni israfu: wati 23 zinateketea ili elfu moja ya wati isikike. Mama alilitambua hilo kabla yangu, alipogusa bamba na kuuliza kama kitu hicho kinakula uniti za LUKU hata kikiwa hakisemi.

Ninachowashukuru Williamson na Linsley Hood ni mahali walipoelekeza sikio. Mashine inaweza kupimwa pale inapopiga kelele kuliko zote, na kibandiko cha fedha kikapata namba yake. Inaweza pia kupimwa pale mtu anaposema polepole. Sisi tunaokusanya masimulizi ya wazee tunajua ni wapi mambo mengi yanasemwa.

Jumapili moja nilibeba sanduku, chaja na bamba langu kwa daladala mpaka Mbagala. Nilisubiri transista zipate joto. Mama alivuta kigoda mpaka karibu na spika, kwa sababu kwa mbali isingesikika vizuri. Babu akakohoa, akanyamaza, akataja mwaka aliozaliwa. Mama hakuinuka. Dakika kama kumi zilipita, chai ikapoa.

Kisha akanyoosha kiganja chake chini, taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Punguza kidogo, baba," alisema. "Hakuwa mtu wa kupaza sauti."