Grafu Iliyozaliwa kwa Uhaba wa Takwimu

Mwaka 1786, Mskoti aitwaye William Playfair alichapisha jijini London kitabu kuhusu biashara ya Uingereza. Ndani yake mlikuwa na grafu 44, na 43 kati ya hizo zilifuata mwendo wa miaka, mstari ukipanda na kushuka pamoja na thamani ya bidhaa. Iliyobaki ni moja tu, nayo ndiyo ninayoithamini kuliko zote.

Playfair alikuwa fundi kabla ya kuwa mwandishi. Alilelewa na kaka yake John, mwanahisabati, aliyemzoesha tangu utotoni kurekodi joto la kila siku. Baadaye akawa mchoraji wa James Watt, yule wa injini za mvuke. Mkono wake, kwa hiyo, ulishazoea vipimo.

Alipofika kwenye biashara ya Uskoti, alikwama. Hesabu alizozipata zilikuwa za mwaka mmoja, kuanzia Krismasi ya 1780 hadi Krismasi ya 1781, na mwaka mmoja hautoi mstari. Akaorodhesha nchi na maeneo 17 yaliyofanya biashara na Uskoti, kila moja akaichorea mihimili miwili iliyolala: mweusi wa bidhaa zilizouzwa nje, wenye michirizi wa zilizonunuliwa. Mistari ya wima iliyoikata ilihesabu pauni 10,000 kwa kila hatua. Itazame leo, na hutahitaji mkalimani: Ireland na Urusi zimenyoosha mihimili mirefu, na visiwa vidogo vimeachwa na vijistari vya kutafuta kwa macho.

Mwenyewe hakuiona kuwa ya maana sana. Alieleza wazi kwamba manufaa yake ni madogo kuliko ya zile nyingine, kwa kuwa haionyeshi mwendo wa wakati. Hapo alijipunja. Mwaka 1984 wanatakwimu wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha majaribio ya namna watu wanavyosoma grafu. Jicho hukadiria vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja, kama ncha za mihimili inayoanzia mahali pamoja. Likipewa pembe hukosea zaidi, na likipewa ukubwa wa eneo huyumba zaidi.

Na pembe na maeneo ndiyo aliyoyakimbilia Playfair mwaka 1801, alipotoa kitabu kingine na kuileta duniani grafu duara. Duara la milki ya Uturuki aliligawa vipande vitatu: Asia, Ulaya na Afrika. Kwa vipande vitatu, sawa, linasomeka. Mhariri anapoweka vipande tisa vinavyokaribiana ukubwa, msomaji hulazimika kusoma namba zilizoandikwa pembeni, na mchoro wenyewe unabaki pambo.

Katika kitabu hichohicho, kila nchi ilipewa duara kulingana na ukubwa wa ardhi yake, mstari wa idadi ya watu kushoto na wa mapato ya serikali kulia. Kisha Playfair aliunganisha ncha za mistari hiyo kwa mstari wa nukta, akitaka mwinamo wake uonyeshe uzito wa kodi. Lakini mwinamo huo hutegemea pia upana wa duara lililo katikati. Nchi mbili zenye watu sawa na mapato sawa zingeonekana kutofautiana kwa sababu tu moja ina ardhi kubwa zaidi. Uingereza, yenye duara dogo na mstari mrefu wa mapato, ilionekana imeelemewa na kodi kupita kiasi, na hilo ndilo Playfair alilotaka wasomaji wake waamini.