Habari za Trekta Letu na Mafuta Yake

Wanachama watakaosoma kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi wataona ya kuwa kahawa imepewa kurasa nyingi, na ndivyo ipasavyo. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa ukurasa wa trekta. Twauandika kwa furaha, lakini si bila haya, kwa sababu itakayoonekana mbele.

Matrekta si mambo ya jana katika nchi yetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Nchi ya Nachingwea ilikuwa katika Jimbo la Kusini, jimbo moja na Songea, yaani pamoja na Umatengo na pwani yetu ya Nyasa. Walikusudia kulima ekari 3,210,000. Lakini mitambo mingi ilikuwa mabaki ya vita, imekwisha kuchakaa. Vipuri vilikuwa haba, na madereva walifundishwa upesi upesi. Kabla mwaka ule haujaisha, theluthi mbili za matrekta zilikuwa zimelala, na mahali pa ekari 150,000 za msimu wa kwanza zilipandwa 7,500 tu. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukaachwa. Wazee husema ugumu wa ardhi ndio uliowashinda. Ni kweli, walakini trekta lililolala halilimi hata mchanga.

Trekta letu hatukulinunua kwa ajili ya milima. Mwenye kujua miteremko ya Umatengo na ngoro zake anajua kwamba pale jembe la mkono ndilo bwana. Lilinunuliwa kuvuta tela la mbolea na kahawa hapa Ruanda, na mvua zinapoanza kushuka kwa barabara ya Lituhi kuwalimia wenzetu wa mpunga ziwani.

Injini yake ni ya dizeli. Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyeibuni, na mwaka 1897 ilifanya kazi sawasawa katika mji wa Augsburg. Haina cheche ya kuwashia. Hewa hubanwa ndani ya silinda hata ikapata moto mkali, kisha mafuta hunyunyizwa humo kama ukungu, yakawaka. Kunyunyiza ni kazi ya pampu na nozeli, ambazo vyuma vyake hukaribiana hata unywele haupiti kati yake. Punje ya vumbi au tone la maji ni adui wa vyuma hivyo.

Hayo tuliyajua, na kwa hayo twajisifu kidogo. Tangu mwaka wa kwanza mapipa yetu hulazwa ubavu, maana pipa lililosimama nje hukusanya maji ya mvua juu ya kizibo. Mchana hupata joto, na usiku, kwa baridi yetu ya mwezi wa Juni, huvuta pumzi na kuyanyonya maji yale. Mafuta huachwa yatulie kabla ya kutiwa, na tangi hujazwa jioni ili lisipate nafasi ya kutoa jasho ndani. Basi kwa maji na uchafu hatukuwa na kosa.

Katika mwaka wa nne paliingia maneno kwamba dizeli inaibwa. Halmashauri iliamua kizibo cha tangi kifungwe kwa kipande cha mpira wa tairi, kikazwe kwa waya, na waya ukatiwe kufuli. Ufunguo ulikaa kwetu. Juma lile lile trekta likaanza kuzimika. Lilifanya kazi nusu saa, likapungua nguvu, likafa. Likipumzika kidogo, likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Pampu ikafunguliwa, ikapelekwa mjini, ikarudi na hesabu ndefu ya fedha. Trekta likazimika vile vile. Tukabadili kichujio. Likazimika.

Ndipo likasemwa lile tunaloona haya kulikumbuka: trekta haliumwi, dereva ndiye anayelilaza ili apate kivuli. Tulimsimamisha kazi majuma sita bila mshahara, na barua tuliiandika sisi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja, fundi mstaafu wa injini za boti za ziwani. Hakushika spana. Aliuliza maswali tu. Huzimika likipanda mlima peke yake? Hapana, hata tambarare. Moshi wake mweusi? La. Linapowaka tena, mwahitaji kulegeza nati za mabomba ili hewa itoke? La, huwaka lenyewe. Akasema kama kichujio kingeziba, uchovu ungezidi penye mzigo na kilima. Na kama hewa ingeingia katika mabomba, lisingewaka bila kutolewa hewa. Hili hufa kwa saa yake na kufufuka kwa saa yake. Akaagiza liendeshwe hata lizimike, akaomba ufunguo, akalegeza kizibo. Wote tuliokuwapo tulisikia tangi likivuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyezamishwa majini.

"Wanangu," akasema, "nani amelinyonga?"

Kizibo kina tundu dogo la kuingizia hewa mahali pa mafuta yanayotumika. Mpira wetu ulikuwa umeliziba. Mafuta yalikosa njia ya kushuka, mpaka trekta likisimama hewa ikajipenyeza polepole. Pampu tuliyoilipia haikuwa na kosa lolote, wala dereva.

Dereva alirudi kazini siku iliyofuata, na angali akiliendesha. Kizibo sasa kina kufuli na tundu pia. Lakini mshahara wa majuma yale sita haujalipwa hata leo; kila mwaka uliahirishwa kwa hoja ya upungufu wa fedha. Ofisi hii imeuandika kuwa shauri la tatu katika Mkutano Mkuu wa sherehe hizi, na twawaomba wanachama wasiondoke kabla halijafikiwa.